Kurasa Nne za Salamu

Kitabu changu cha kwanza kilinigharimu miaka sita, gego moja na kurasa saba. Miaka sita ni ya kuandika baada ya kufunga duka. Gego lilitakiwa lingoje kitabu kiishe ndipo nilipeleke kwa daktari, likachoka kungoja. Kurasa saba nilizitoa kwa hiari yangu, na hizo ndizo zinazohitaji maelezo, kwa sababu watu wa kwetu wakikutana nami wananipongeza na kupita, hakuna anayeuliza nilikipata kwa bei gani. Watu wa kwetu wasipouliza bei, ujue wamekaa sana Ulaya.

Nimekiandika kwa Kiswidi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya msikitini, nao umezungukwa na nchi nzima inayosema Kirundi. Kwa hiyo kuishi katikati ya lugha ya wengine hakukuanza Stockholm. Kiswidi nilikipata shuleni hapa Sweden, nikakinoa kwa kuandika barua za watu. Mama yangu anaishi Jakobsberg, pembezoni mwa Stockholm, na kila mwenye ugomvi na mwenye nyumba au na ofisi alipita kwake kwanza, akanywa chai, kisha akaelekezwa kwangu. Mwanzoni niliandika kama tunavyolalamika sisi: naanza mbali, namtaja Mungu, naingiza watoto, nafika kwenye shida ukurasa wa pili. Barua hazikujibiwa. Nikagundua kwamba Kiswidi ni lugha ya bei moja. Unaandika mistari mitatu, bila kupaza sauti, na mtu ofisini anaweka chini kikombe chake. Siku mistari yangu mitatu iliporudisha joto katika jengo zima la ghorofa hapa mtaani kwangu Rinkeby, tena katikati ya baridi ya Februari, nilitembea hadi dukani kama mtu aliyejenga jengo lenyewe. Hapo nilijua nina mali.

Lakini mali ya namna hiyo ina maswali yake. Kila harusi kulikuwa na mtu wa kuniuliza, akiwa na sahani mkononi, mbona siandiki Kiswahili chetu, na kwani ninamuuzia nani. Nilikuwa najibu kwamba muuza vitenge hawezi kuishi kwa kumuuzia mama yake. Watu walicheka, mimi nikaondoka bila jibu.

Jibu nililipata kwa Mwarabu.

Alijiunga na kikundi chetu cha uandishi, watu wachache tunaokutana kwenye maktaba ya Rinkeby kwa kahawa na mikate ya mdalasini. Siku yake ya kwanza kila mtu alieleza anaandika nini na kwa lugha gani. Yeye akasema ni Mwarabu, amezaliwa kijiji kimoja cha kaskazini mwa Israeli, na anaandika riwaya kwa Kiebrania. Tuliacha kutafuna. Alitungoja, kama mtu aliyezoea kungoja hapo. Mzee mmoja Mswidi akamuuliza kwa adabu kama hakumaanisha Kiarabu. Akasema Kiarabu anacho, kiko nyumbani na mke wake na watoto, kinakula vizuri. Kiebrania ndicho kinachoamka asubuhi kwenda kazini.

Alikipata shuleni, na alikipata kwa baba yake, aliyemwaga zege miaka mingi kwenye majengo ya watu wa Kiebrania na kurudi jioni na maneno yao pamoja na vumbi lao. Vitabu vyake vilisomwa. Kwenye mikutano ya wasomaji wa Kiebrania, swali la kwanza lilikuwa yuko upande gani. Kwenye karamu za ndugu zake, swali la kwanza lilikuwa anamuuzia nani. Niliposikia hilo nilimsogezea mkate wangu. Kisha mke wake, ambaye ni daktari, akapata kazi hospitali moja ya hapa, wakahamia Upplands Väsby. Watu wengi mji huo wanauona dirishani tu, wakiwa kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege. Yeye akaketi huko akaendelea na Kiebrania chake. Akiandika kwenye treni, abiria jirani wanadhani ni Kiarabu na wanamtazama. Akiwaeleza ni nini, wanahama kiti wakafikirie vizuri.

Nikamuuliza kwa nini anaendelea, maadamu huku hakuna anayemlazimisha.

"Ukhti," alisema, "anayenipenda ananielewa hata nikinyamaza. Mimi naandika kwa lugha ya watu ninaobishana nao. Na lugha yenyewe nimeilipia. Siirudishi dukani."

Wiki iliyofuata alikuja kwangu kumnunulia mke wake kitenge. Nilitaja bei. Akatabasamu kwa huzuni, akataja nusu yake. Nikamwonyesha rangi, nikamwonyesha pindo, nikamtajia karo ya watoto nisiokuwa nao. Akanipa pole kwa watoto hao, akashukuru, akaondoka polepole, akafika mlangoni akasimama kutazama hali ya hewa, ambayo siku hiyo haikuwa na cha kutazamwa. Nikamwita. Akarudi. Tukapatana katikati, kila mmoja akilalamika kwamba ameibiwa. Sijawahi kuuza kwa raha namna ile katika nchi hii, ambako mteja anasoma karatasi ya bei, analipa, anasema asante na kuniachia siku tupu.

Ni yeye aliyenipeleka kwa mchapishaji. Nyumba moja ya vitabu katikati ya mji ilikuwa imepanga kuitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiswidi, naye akawapa mswada wangu. Mhariri akausoma, akaniita.

Ni mwanamke mpole wa rika langu, anayekusikiliza mpaka mwisho wa sentensi, kisha anangoja kidogo kama kuna nyingine nyuma yake. Alikipenda kitabu. Alikisifu kwa dakika nyingi, na kwa Mswidi dakika nyingi za sifa ni sawa na ngoma ya siku tatu. Alikuwa na tatizo moja tu, sura ya nne.

Katika sura hiyo mawifi wawili wanakutana kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, kile cha pamoja ambacho kila nyumba ina saa yake. Hawajasemezana mwaka mzima. Mmoja anatoa nguo, mwingine anaingiza, mlango ni mmoja, na lazima wasalimiane. Wanasalimiana kurasa nne. Habari za nyumbani, habari za kazi, mguu wa mama unaendeleaje, baridi mnaionaje, watoto hawajambo, na yule mdogo ameshaanza shule? Wanaulizana kila kitu, hata paka wa jirani. Ila mmoja hamuulizi mwenzake juu ya kijana wake mkubwa, ambaye wote wawili wanajua yuko gerezani, na ambaye ndiye chanzo cha ugomvi. Anafika pale, anapita juu, kama mtu anayeruka dimbwi. Kwetu hilo ni kofi. Hakuna neno baya lililosemwa, na mtu ametoka pale na nguo safi huku moyo unavuja damu.

Mhariri alisema kwa upole kwamba katika kurasa hizo hakuna kinachotokea. Simlaumu. Waswidi wana salamu ya neno moja, na wakiondoka wanakurudishia neno lile lile mara mbili, kama chenji. Alipendekeza nusu ukurasa.

Sasa, mtu akinitajia bei, kinywa changu hakiniombi ruhusa. "Tano," nikasema.

Akaangalia karatasi zake. "Lakini ziko nne."

Nikamwambia najua, tano ni pa kuanzia. Akaandika kitu pembeni, akafikiri, akasema anaona ukurasa mmoja ungetosha, na hilo ndilo pendekezo lake la kweli. Nilifurahi sana. Kutoka nusu hadi mmoja ni maradufu, na kahawa ilikuwa bado ya moto. Huyu alikuwa anasogea, ilibaki kumsukuma kidogo tu. Nikatia mswada kwenye mfuko, nikashusha pumzi, nikasema basi, kama ni hivyo kitabu nakichukua, asante kwa kahawa. Nikainuka.

Kina mama wa soko letu wangenionea wivu kwa muda niliokuwa nao. Kwetu mtu anaondoka na khanga yake begani, ameshafika kwa muuzaji mwingine. Mimi nilikuwa na koti, skafu, kofia na glavu. Nilivaa kimoja kimoja kama bibi harusi anayevishwa. Nilifunga vifungo vyote, nikafungua kimoja, nikakifunga tena. Hakuniita. Nikaanza kutembea. Karibu na mlango nikasikia hatua zake nyuma yangu, zimeharakisha, na moyo wangu ukasema haya, tumefika.

Alikuwa amekuja kunifungulia mlango. Alisema anauheshimu uamuzi wangu.

Nilirudi Rinkeby kwa treni ya chini ya ardhi, mswada mapajani, nikitazama simu kila kituo. Siku mbili baadaye ulikuja ujumbe. Mistari mitatu, bila kupaza sauti. Walisikitika, walinielewa, na nikiwa na kitabu kingine nisisite kuwaandikia.

Jumapili nilimweleza mama. Aliniuliza kama niligeuka nyuma. Nikasema sikugeuka.

"Basi watakuita," alisema, akaendelea kuchambua mboga zake za lengalenga.

Alikuwa na uhakika, na alikuwa na haja pia, maana wanawake wote anaosali nao Jakobsberg walikwisha kuambiwa kwamba kitabu cha binti yake kinatoka. Wiki ya pili aliniuliza kama simu yangu ina chaji. Wiki ya tatu alisema, kwa sauti ya mtu anayeanza kulihurumia taifa zima, "Mwanangu, hawa watu wanauzaje, kama hawamwiti mteja?"

Kurudi ningeweza, miguu ilikuwepo. Lakini ukirudi bila kuitwa huna tena cha kupatana, na ule ukurasa mmoja ungeshuka ukawa nusu. Nisiporudi, miaka sita ingekaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na kina mama wa Jakobsberg wangeanza kumuuliza mama habari za kila kitu isipokuwa kitabu.

Mwarabu nilimwambia kwenye kikundi, pembeni, wakati wa kahawa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Alikufungulia mlango?"

"Alinifungulia."

"Na ukatoka?"

"Ningefanyaje, alikuwa ameushika, na baridi inaingia."

Akacheka tena, nikamwambia mimi sioni kichekesho. Hapo akafuta miwani, akanieleza jambo ambalo kwenye kikundi hakuwahi kulisema. Katika ile riwaya yake ya kwanza kulikuwa na wageni wanaoingia nyumba moja ya kijijini kwao, na salamu zao zilikuwa ndefu, kama salamu za kwao zilivyo, tena zinafanana na zetu kiasi kwamba nadhani tulizinunua duka moja. Mhariri wake wa Kiebrania alizikata zote, akaacha neno moja. Yeye alikuwa kijana, alitaka kitabu kitoke, akakubali siku hiyo hiyo. Kilipotoka alimpelekea baba yake. Mzee alikisoma chote, polepole, kwa kile Kiebrania alichokipata kwenye zege. Alipomaliza akakifunga, akasema, "Katika nyumba hii uliyoijenga, watu wanaingia bila kusalimu." Basi. Tangu siku hiyo kitabu kikitajwa mzee anabadili mazungumzo, anauliza chakula kiko wapi.

"Kwa hiyo usitoe hata ukurasa mmoja," akaniambia. "Lakini usikae hapa kungoja sauti. Hawaiti, hawakufundishwa. Sokoni kwenu, muuzaji na mnunuzi wakikwama, anakuja nani?"

"Dalali."

Neno ni lao, la Kiarabu, halikuhitaji mkalimani. "Basi dalali huyu hapa," akasema, akamalizia mkate wangu.

Alitupangia siku, sisi watatu, ofisini kwa mhariri. Nilivaa kama mtu anayekwenda kuposwa. Dalali wangu alianza kwa kumweleza mhariri kwamba siku ile nilipoondoka, ndiyo kwanza nilikuwa naanza mazungumzo. Mhariri akawa mwekundu mpaka masikioni. Alisema alidhani amenivunjia heshima, wiki zile zote hakuthubutu kunipigia, na mlango aliufungua ili angalau nitoke kwa heshima. Nikamwambia heshima niliipata yote, nilichokikosa ni kitabu.

Kisha dalali akatukataza kukaa. Akamgeukia mhariri. "Msalimie. Kwa urefu. Ukiishiwa, uliza kitu kingine."

Mhariri akaniuliza hali yangu, nikasema njema. Akaniuliza njia, nikasema salama. Nikamuuliza nyumbani kwake, akasema wote wazima ila mtoto mmoja ana mafua, nikampa pole ya mafua. Akaniuliza duka. Nikamuuliza likizo. Akaniuliza mama, nikasema hajambo, anakusalimu, ambao ulikuwa uongo wa adabu. Nikamuuliza maua ya dirishani, yanastahimilije giza hili. Akaniuliza vitenge vinatoka wapi. Tulisimama pale na makoti yetu, na kidogo kidogo sauti yake ikaanza kupungua, kama mtu anayetembea juu ya barafu asiyoiamini. Mimi nilijua anakwepa wapi, naye alijua kwamba najua. Nilipoanza kumuuliza juu ya jirani zake, aliinua mkono.

"Hatujauliza kitabu," alisema.

"Hatujauliza," nikasema.

"Tumeuliza maua."

Akaketi. Akavuta sura ya nne, akaisoma tena yote, sisi tumesimama kama watu wanaongoja mkate utoke tanurini. Alipofika mwisho akazipanga karatasi.

"Nne," alisema. "Zote."

Mtu mwingine angeshukuru na kukimbia. Mimi nimelelewa kwamba ukipata bei uliyoitaka, wa pili naye lazima aondoke na kitu mkononi, la sivyo kesho hatakuuzia. Nikafungua sura ya tisa, ambako nilikuwa nimeeleza ndoa moja kwa kurasa saba zilizonichosha hata mimi niliyeziandika, nikazitoa, nikamkabidhi. Alishtuka. Nadhani hakuwahi kupewa kitu na mwandishi bila kukiomba. Dalali akashika mkono wake na wangu, akaiunganisha, akaitikisa kwa nguvu, kama vile tumeuziana ng'ombe.

Kitabu kilitoka vuli, tukakizindua maktabani Rinkeby. Mama alikuja na wanawake wa Jakobsberg, wote ndani ya vitenge vya dukani kwangu, kwa bei ya undugu ambayo bado inaniuma. Walichukua mstari wa mbele wote. Mhariri alikaa nyuma, karibu na mlango, na Mwarabu pembeni yake.

Nilisoma sura ya nne. Waswidi walianza kwa kutabasamu. Ukurasa wa pili wakaanza kujisogeza kwenye viti. Ukurasa wa tatu wakatulia, na utulivu ule naujua kwa miaka yangu mingi ya kuuza, ni wa mteja aliyeacha kuangalia bei. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Kiswidi cha mama ni cha dukani, cha hospitali na cha kwenye ngazi. Anajua hali, anajua watoto, mguu, baridi, shule, asante. Sura ile nilikuwa nimeisoma mara nyingi, na hesabu hii sikuwahi kuipiga, mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili: Kiswidi chote anachokijua mama kimo mle. Katika kitabu kizima cha binti yake, hizo ndizo kurasa anazoweza kuzifuata bila mtu wa kumtafsiria. Zingekatwa, angekaa mstari wa mbele kama mzigo uliosahauliwa, akipiga makofi watu wakipiga.

Nikafika pale wifi anaporuka dimbwi. Nikanyamaza kidogo, kama nilivyoandika. Na katika ule ukimya mama akainua kichwa, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake:

"Na yule kijana mkubwa, hamuulizi?"

Wanawake wa Jakobsberg wakaguna wote kwa pamoja. Kule nyuma mhariri, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nilisimama pale na kitabu changu. Gazeti moja lilikuja kukiandika vizuri baadaye, nimelikata nimelibandika ukutani dukani, juu ya vitenge vya bei ghali. Lakini mama yangu alikuwa ameingia ndani ya kitabu cha Kiswidi kwa miguu yake mwenyewe na kuona kinachokosekana. Nikiulizwa sasa kwenye harusi ninamuuzia nani, sifanyi tena mzaha.

Watu walipoanza kutafuta makoti yao, Mwarabu alikuja na nakala yake nimtilie sahihi. Niliandika, nikaingiza mkono kwenye mkoba. Dalali ana chake, na sipendi kudaiwa na mtu anayejua kupatana. Akausukuma mkono wangu nyuma.

"Sitaki pesa," alisema. "Riwaya yangu inaanza kutafsiriwa, na mhariri ni huyu huyu. Zile salamu zilizokatwa ninazo, nimehama nazo nchi mbili. Nataka zirudi ndani. Lakini mimi siwezi kujipatania, nitakubali haraka kama nilivyokubali zamani. Baba yangu amekuwa mzee sana. Kiswidi hatakisoma, ila naweza kumwekea kidole kwenye ukurasa nikamwambia, hapa wanasalimu. Jumatatu saa nne, ukhti. Njoo unilipe. Ukae katikati."